Wanafunzi wa chuo na teknolojia ya kujifunzia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wahadhiri, wakutubi, mafundi wa TEHAMA na washauri wa wanafunzi. Unajibu maswali yanayojirudia kila muhula unapofunguliwa: nani asaidiwe, asaidiwe vipi, na kwa nini msaada mwingi unaotolewa kwa nia njema haumfikii aliyekusudiwa.

Vijana wa leo si wamezaliwa na simu mkononi? Wanahitaji msaada gani tena?

Dhana hiyo ilipata nguvu mwaka 2001, mwandishi wa Marekani Marc Prensky alipowaita vijana wenyeji wa ulimwengu wa kidijitali na wakubwa wao wahamiaji. Ni picha inayokaa kichwani kwa urahisi, lakini watafiti waliowafuata wanafunzi wenyewe wamekuta kwamba umri hausemi mengi kuhusu nani anaweza nini. Kijana anayehariri video kwenye simu kwa dakika kumi anaweza asijue faili alilopakua limekwenda wapi, kwa sababu simu humfichia folda: hutafuta, hufungua, haoni njia. Mwenzake wa miaka 45 aliyetokea ofisini huandika kanuni za lahajedwali (kama Excel) bila kuwaza, lakini akaogopa kuandika sentensi moja kwenye jukwaa la majadiliano mbele ya darasa zima.

Kwa hiyo usiligawe darasa kati ya wanaojua na wasiojua. Chukua kazi moja moja na uulize inadai nini: kupakua, kuandika maandishi marefu, kunukuu vyanzo, kuwasilisha, kuzungumza kwa kamera, kufanya mtihani kwa saa maalumu. Mwanafunzi yuleyule atapita kwa wepesi hapa na kukwama pale.

Basi tofauti zenyewe ziko wapi?

Ya kwanza inayoonekana ni kifaa, na ndiyo inayozungumzwa kupita kiasi. Chini yake zipo nyingine. Upo muunganisho: kuna anayetumia Wi-Fi bila kufikiria na kuna anayepima kila megabaiti ya kifurushi chake. Upo muda na mahali: kompyuta ya nyumbani inayotumiwa na watu wanne ni kifaa kwenye karatasi tu, maana saa ya zamu yake huenda ni usiku wa manane. Upo mwili: macho, masikio, mikono, uwezo wa kutulia mbele ya skrini yenye arifa kumi. Ipo lugha ya menyu. Na upo woga wa kuharibu kitu, ambao hufanya mtu asibonyeze kitufe ambacho kingemtatulia shida.

Mambo haya hupandana. Mwenye uoni hafifu aliye na kompyuta nzuri na intaneti ya uhakika ana taabu tofauti kabisa na mwenye uoni hafifu anayesomea kwenye simu ya inchi tano.

Tutajuaje hali halisi bila kubahatisha?

Waulize, ila swali liwe zuri. Swali la "Una kompyuta?" huzaa jibu lisilo na faida. Mwenye kompyuta iliyokufa betri atajibu ndiyo, na anayeazima ya dada yake Jumamosi atajibu ndiyo vilevile. Uliza kuhusu kazi. Maswali nane yanatosha, na haya yanafanya kazi vizuri:

1. Mara ya mwisho ulipoandika kazi ya kurasa tano, uliiandika kwenye kifaa gani?
2. Nani wengine hutumia kifaa hicho, na wewe hukipata saa ngapi?
3. Ukiwa nje ya chuo, unaingia mtandaoni kwa njia gani, na huwa kifurushi kinaisha kabla ya muda wake?
4. Je, umewahi kukosa kuwasilisha kazi kwa sababu ya umeme, mtandao au kifaa?
5. Kati ya mambo haya, lipi hujawahi kulifanya: kufungua faili lililobanwa la zip, kugeuza andiko kuwa PDF, kutafuta makala kwenye hifadhidata ya maktaba, kushiriki skrini, kubadili neno la siri?
6. Je, unatumia kisoma skrini (programu inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini), manukuu (maandishi ya maneno yanayosemwa kwenye video), maandishi makubwa au msaada mwingine wowote?
7. Ukikwama, unamwendea nani kwanza?
8. Ni jambo gani moja kwenye kozi zako za sasa linalokupotezea muda zaidi?

Jibu la swali la saba hustaajabisha vyuo vingi: dawati la msaada huwa mbali sana chini ya orodha, nyuma ya rafiki na kundi la WhatsApp.

Dodoso lisiwe na majina, isipokuwa kwa anayetaka kutafutwa. Huyo awekewe nafasi ya mawasiliano mwishoni. Na lisitolewe mtandaoni peke yake. Dodoso la mtandaoni kuhusu ugumu wa kupata mtandao hujibiwa na wenye mtandao, kisha ripoti inaandikwa kwamba hali ni nzuri. Chapisha nakala za karatasi, zigawe darasani dakika kumi kabla ya kipindi kwisha, na uzikusanye hapohapo. Wiki ya tatu ndiyo mwafaka. Wiki ya kwanza mwanafunzi bado hajakutana na matatizo yake.

Tumeshapata majibu. Tuanzie wapi kama bajeti ni ndogo?

Anzieni na mpangilio wa kurasa za kozi. Haugharimu chochote zaidi ya mabishano ya wahadhiri. Mwanafunzi mwenye kozi sita mara nyingi anajifunza mifumo sita: huyu anaweka maandiko kwa wiki, yule kwa mada, wa tatu ana folda moja yenye mafaili arobaini yanayoitwa "mpya", "mpya2" na "mwisho kabisa". Aliyezoea atapapasa mpaka apate. Asiyejiamini ataona kosa ni lake.

Kubalianeni kiolezo kimoja kwa idara nzima. Juu kabisa: jina la mhadhiri, njia ya kumpata na siku anazojibu. Chini yake: kazi zinazokuja na tarehe zake. Kisha wiki kwa wiki, ya sasa ikiwa juu, kila wiki ikiwa na vitu vilevile kwa mpangilio uleule: soma, tazama, fanya, wasilisha. Kila faili liwe na jina linaloeleweka nje ya ukurasa, mfano "Wiki03_Takwimu_Mhadhara.pdf", na pembeni ukubwa wake kwa MB. Mwenye kifurushi kidogo ataamua mwenyewe lipi la kupakua sasa na lipi la kusubiri Wi-Fi ya maktaba.

Mhadhara wa video hula data kiasi gani?

Piga hesabu, utaona. Kikao cha video kinachopokea megabiti 1.2 kwa sekunde hutumia takriban MB 540 kwa saa. Mwanafunzi mwenye saa 15 za vipindi kwa wiki atahitaji zaidi ya GB 8 kwa wiki, kabla hajafungua kitabu chochote. Sauti pekee, kwa kilobiti 64 kwa sekunde, ni kama MB 29 kwa saa. Saa zote 15 zinabaki chini ya MB 450.

Ndiyo maana kila mhadhara uliorekodiwa unafaa kutoka kwa sura tatu: video, sauti peke yake, na slaidi za PDF zenye maelezo chini ya kila slaidi. Hatua zenyewe si ngumu:

Rekodi kama kawaida. Fungua video kwenye HandBrake, ambayo ni programu ya bure, uishushe hadi upana wa pikseli 1280 na fremu 10 au 15 kwa sekunde. Kwa slaidi zilizotulia jicho halitaona tofauti, na faili linaweza kushuka hadi MB 150 kwa saa au pungufu. Sauti iwe ya mkondo mmoja, si stereo. Kisha toa sauti peke yake kama MP3. Slaidi zenye picha za kamera zibane picha kabla ya kuhifadhi PDF. Picha moja ya simu yenye MB 6, iliyowekwa kwenye slaidi ikiwa na upana wa kidole, bado inabeba MB zake zote 6.

Jambo linaloharibika mara nyingi ni video kupachikwa kwenye ukurasa wa kozi bila ruhusa ya kupakua. Mwanafunzi akirudi kusikiliza kipande kilekile mara tatu, analipa mara tatu.

Wanafunzi wengi wana simu tu. Je, wanaweza kumaliza kozi?

Sehemu kubwa ya kozi, ndiyo: kusoma, kusikiliza, maswali mafupi, majadiliano. Kuandika tasnifu, kuchambua data kwa programu ya takwimu au kuchora ramani za uhandisi kwenye simu ni mateso, na chuo kisijifanye hakioni. Kwa kazi hizo tangazeni mapema, wiki mbili au zaidi, na mfungue maabara saa ambazo watu hao wanaweza kufika, zikiwemo za jioni.

Kwa yaliyobaki, jaribio ni hili: chukua simu ya kawaida, si ya bei mbaya, zima Wi-Fi, ingia kwa akaunti ya majaribio ya mwanafunzi na ujaribu kutoka ukurasa wa kwanza hadi kuwasilisha kazi. Hesabu miguso. Tazama majedwali yanayotoka nje ya skrini, maandishi yaliyo ndani ya picha na madirisha yanayofunguka juu ya mengine bila njia ya kurudi. Kama chuo kinatumia Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni, waelekezeni wanafunzi kwenye programu yake ya simu: hupakua kozi nzima mtu akiwa kwenye Wi-Fi, akasoma baadaye bila mtandao. Hata majaribio yanaweza kufanywa nje ya mtandao, lakini ni mpaka mhadhiri awashe ruhusa hiyo kwenye mipangilio ya kila jaribio. Wengi hawajui kuwa ipo.

Kwa nini kazi nyingi zinazowasilishwa hazifunguki?

Sababu ni chache na zinajirudia, na karibu kila moja ina dawa.

Mwanafunzi hufungua faili la zip, akaandika ndani yake bila kulitoa nje, akahifadhi. Mfumo umehifadhi nakala kwenye folda ya muda. Anachopakia ni karatasi tupu ileile aliyopewa. Dawa: mpe andiko lenyewe, lisilobanwa, au muonyeshe kitendo cha kutoa nje kwa picha mbili.

Mwingine hupakia kiungo cha andiko lililo kwenye hifadhi ya wingu, na ruhusa ni ya kwake peke yake. Mhadhiri akibonyeza anakuta ombi la ruhusa, tena saa nane za usiku. Dawa: maelekezo yaseme "pakia faili, si kiungo", na mfumo uwekewe aina za faili zinazokubalika, PDF na docx kwa mfano.

Picha za iPhone hutoka katika muundo wa HEIC ambao kompyuta nyingine hazifungui. Na anayepiga picha kurasa za mahesabu ya mkono hupakia picha kumi na moja, tatu zikiwa kichwa chini. Simu nyingi zina uwezo wa kuskani na kuunganisha kurasa kuwa PDF moja. Onyesha mara moja darasani, dakika tano zinatosha.

Kisha kuna saa. Tarehe ya mwisho ikiandikwa Ijumaa 00:00, nusu ya darasa itaelewa usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi, wakati mfumo ulishafunga usiku uliotangulia. Wanaosoma wakiwa nchi nyingine huongezewa mkanganyiko wa ukanda wa saa. Andika 23:59 kama lazima iwe usiku. Ila kuna njia bora: weka saa kumi alasiri, siku ya kazi. Dawati la msaada liko wazi, mhadhiri yuko macho, na aliyepatwa na hitilafu ana mtu wa kumwambia. Kuweka mwisho wa kazi usiku wa Jumapili ni kuchagua saa ambayo hakuna wa kusaidia.

Chuo kinataka kuazimisha kompyuta mpakato. Tuzingatie nini?

Muda wa kuazima ndio unaoharibu mipango mingi. Mkopo wa siku 14, uliorithiwa kutoka kanuni za vitabu, humlazimisha mwanafunzi kuhamisha kazi zake kila wiki mbili na hatimaye kuzipoteza. Azimisheni kwa muhula mzima.

Kabla ya kuitoa, wekeni programu zote za kozi, pamoja na LibreOffice (programu ya bure ya kuandikia na lahajedwali) na kisoma skrini. Mwanafunzi asiye na neno la siri la msimamizi hawezi kusakinisha chochote, na programu ya takwimu ya wiki ya sita ikihitajika ataanza kuhangaika. Ama wekeni kila kitu, ama mpeni ruhusa ya kusakinisha na mfute mashine yote ikirudi. Nunueni chaja za ziada, kwa kuwa chaja hupotea na kukatika kabla ya kompyuta. Mkataba uwe wa ukurasa mmoja, useme wazi nini kitatokea kompyuta ikivunjika au kuibwa. Mkataba unaotisha huwafanya wanaohitaji zaidi wasichukue.

Fomu ya maombi isidai barua tatu za kuthibitisha umaskini. Mtu mwenye aibu yake ataacha.

Tuwalazimishe kuwasha kamera ili tujue wapo?

Hapana. Kamera inaongeza data kwa upande wa anayetuma, inaonyesha nyumba ya mtu na waliomo, na sura iliyo kwenye skrini si ushahidi wa kusikiliza. Kama unataka kujua wapo, wape kitu cha kufanya kila dakika kumi na tano: swali la kura, sentensi moja kwenye soga, hesabu ya kutatua na kuandika jibu. Kwa mazungumzo ya makundi madogo, omba kamera kwa hiari na ueleze kwa nini.

Wanafunzi wenye ulemavu tuwashughulikie mmoja mmoja wanapojitokeza?

Marekebisho ya mtu binafsi yatabaki, lakini sehemu kubwa inapaswa kuwa tayari kabla hajajitokeza. Wengi hawajitangazi. Viwango vya WCAG vya shirika la W3C, vinavyoeleza jinsi ya kufanya maudhui ya wavuti yafikike kwa wenye ulemavu, toleo la 2.2 lililotoka Oktoba 2023, vina mambo mengi. Kwa mhadhiri anayeandaa maandiko, machache haya yanaleta nafuu kubwa:

Vichwa viwekwe kwa mitindo ya vichwa ya programu, si kwa kukoleza na kukuza herufi. Kisoma skrini huruka kutoka kichwa hadi kichwa. Pasipo mitindo, andiko la kurasa 30 ni mkeka mmoja usio na mwanzo. Tofauti ya rangi ya maandishi na mandharinyuma iwe angalau 4.5 kwa 1, kwa hiyo kijivu hafifu juu ya nyeupe kiachwe. Picha zenye maana ziandikiwe maelezo mbadala yanayosema picha inaeleza nini, si "picha ya 4". Rangi peke yake isibebe maana. "Majibu yaliyo kwa rangi nyekundu" hayapo kwa asiyetofautisha nyekundu na kijani.

PDF zilizoskaniwa ndizo donda kubwa. Jaribu hivi: fungua faili, jaribu kuchagua neno moja kwa kipanya. Likikataa, hiyo ni picha, na kisoma skrini kitakuta ukurasa mtupu. Skani upya kwa dpi 300 (nukta kwa inchi), kurasa zikiwa zimenyooka, kisha upitishe programu ya kutambua maandishi. Tesseract ni ya bure na ina data ya Kiswahili. Soma matokeo kabla ya kuyaweka: kurasa zilizopinda karibu na uti wa kitabu hutoa maneno ya ajabu. Na kwa nchi zilizojiunga na Mkataba wa Marrakesh wa 2013, maktaba zina nafasi ya kisheria ya kutengeneza nakala zinazofikika kwa wasioweza kusoma chapa ya kawaida bila kuomba idhini ya mwenye hakimiliki. Muulize mkutubi sheria yenu inasemaje.

Manukuu ya video yanayotolewa na mashine ni mwanzo, si mwisho. Hukosea zaidi kwenye istilahi na majina, yaani palepale mwanafunzi anapohitaji usahihi. Ukiwa na muda mdogo, sahihisha istilahi tu.

Ukitaka kuonja mwenyewe, washa kisoma skrini, yaani TalkBack kwenye Android, VoiceOver kwenye iPhone au NVDA ya bure kwenye Windows, zima skrini na ujaribu kutafuta kazi ya wiki hii kwa dakika tano.

Semina ya kufundisha mifumo hii wiki ya kwanza haitoshi?

Inatosha kuwajulisha mahali pa kuingilia, basi. Mtu hajifunzi kunukuu vyanzo wiki saba kabla ya kuhitaji kunukuu. Gawanyeni: wiki ya kwanza kuingia kwenye akaunti na kupata ukurasa wa kozi, wiki ya pili kuwasilisha kazi ya majaribio isiyo na alama, hata kama ni sentensi moja, ya nne au ya tano kutafuta kwenye hifadhidata, kabla ya mtihani, jaribio la mfano kwenye mfumo uleule.

Kazi hiyo isiyo na alama ndiyo yenye faida kuliko semina yoyote. Inafichua wasioweza kuingia, mafaili yasiyofunguka na majina yaliyosajiliwa vibaya, wakati bado hakuna kilichopotea. Orodha ya ambao hawajawasilisha ndiyo orodha ya kupigia simu.

Wanafunzi wenzao husaidia vizuri zaidi kuliko maafisa, mradi walipwe au wapewe cheti, wawe na saa zinazojulikana na mahali pa kukaa. Wafundisheni sheria moja: kipanya kinabaki mkononi mwa anayesaidiwa. Anayemnyang'anya mwenzake kipanya na kumaliza kazi kwa sekunde ishirini amemwachia shida yake kama alivyoikuta.

Wanafunzi hufungiwa nje ya akaunti zao kila mara. Kwa nini?

Kwa kawaida ni uthibitisho wa hatua mbili, yaani neno la siri pamoja na msimbo unaopatikana kwenye simu. Simu imepotea, laini imebadilishwa, au ujumbe wenye msimbo haufiki. Siku ya usajili, mbele ya afisa, kila mwanafunzi asajili njia mbili tofauti na achapishe misimbo ya akiba aiweke na vyeti vyake. Utaratibu wa kufunguliwa uwepo hata kwa asiye chuoni siku hiyo, na uzingatie usalama: barua pepe kutoka anwani isiyojulikana si kitambulisho.

Mtihani wa mtandaoni ukikatika katikati?

Panga kana kwamba utakatika. Moodle huhifadhi majibu yenyewe kila baada ya dakika moja ikiwa mpangilio haujabadilishwa, lakini mwanafunzi akipoteza mtandao, yaliyoandikwa baada ya hapo hayajafika kwenye seva. Yagawe maswali kwenye kurasa kadhaa badala ya ukurasa mmoja mrefu, ili kila kuhama kuhifadhi. Weka kwamba muda ukiisha majaribio yaliyo wazi yajiwasilishe yenyewe. Usilazimishe mpangilio wa kwenda mbele tu bila kurudi.

Muda wa nyongeza usitolewe kwa kumsogezea kila mtu saa. Mfumo huruhusu kumwekea mwanafunzi mmoja muda wake: mtihani wa dakika 120 wenye nyongeza ya asilimia 25 unakuwa dakika 150. Hakikisha pia saa ya kufunga mtihani imesogezwa kwake, la sivyo mlango utamfungia kabla dakika zake hazijaisha. Kosa hili hutokea sana.

Programu za kusimamia mtihani kwa kamera zitumieni kwa tahadhari kubwa, au msizitumie. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu tatu za kibiashara zinazobaini jinsia kwa uso: makosa kwa wanawake wenye ngozi nyeusi yalifika asilimia 34.7, na kwa wanaume weupe hayakuzidi asilimia 1. Mfumo wa mtihani si ule, lakini chuo kinachomshuku mwanafunzi kwa sababu kamera haikuuona uso wake vizuri kina deni la maelezo. Swali linalodai hoja, lililotolewa kwa saa 24, hupunguza haja ya ulinzi wote huo.

Akili mnemba (AI) imeongeza pengo kati ya wanafunzi au imelipunguza?

Yote mawili. Tangu ChatGPT ifunguliwe kwa umma Novemba 2022, mwenye lugha ya kufundishia isiyo ya kwao amepata wa kumfafanulia aya ngumu saa yoyote. Wakati huohuo mwenye kulipia anapata chombo chenye nguvu kuliko cha bure, na asiyejua somo hawezi kutambua jibu la uongo lililoandikwa kwa ufasaha.

Kila kazi iseme waziwazi: hairuhusiwi, inaruhusiwa kwa hatua fulani, au inaruhusiwa ukieleza ulivyoitumia. Kanuni moja ya jumla iliyofichwa kwenye kitabu cha wanafunzi haisaidii. Kama kazi inahitaji chombo hicho, chuo kiwape wote kilekile.

Na msiadhibu kwa ushahidi wa programu za kugundua maandishi ya mashine. OpenAI yenyewe, kampuni iliyounda ChatGPT, iliondoa chombo chake cha aina hiyo Julai 2023 kwa usahihi mdogo, na utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka huohuo ulionyesha vigunduzi vikiyashuku kimakosa zaidi ya nusu ya maandiko ya Kiingereza ya watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Ukiwa na shaka, mwite mwanafunzi akueleze hoja yake kwa mdomo, dakika kumi, na aonyeshe rasimu.

Tutumie kundi la WhatsApp kwa matangazo?

Litatumika mtake msitake. Liacheni liwe la wanafunzi, na tangazo rasmi likae kwenye ukurasa wa kozi. Kwenye kundi inapelekwa nakala yake. Kubadili tarehe ya kazi kwa ujumbe wa sauti wa dakika tatu ni kumwacha kiziwi, asiye kwenye kundi, na aliyekuta ujumbe 200 asubuhi. Kumbukeni pia kundi huanika namba ya kila mtu.

Mfumo unaonyesha mwanafunzi ameingia mara mbili tu mwezi mzima. Hajali?

Pengine. Au alikwenda maktaba Jumamosi, akapakua kila kitu kwa Wi-Fi na anasoma nyumbani bila mtandao, jambo ambalo ni busara. Takwimu za kuingia hupima mibofyo. Zitumieni kuamua nani aulizwe, kwa ujumbe mfupi usio na lawama: "Naona hujaingia karibuni, kuna kinachokukwamisha?" Zisitumike kutoa alama za mahudhurio.

Kuwapa wengine njia tofauti si upendeleo?

Tenganisha kinachopimwa na njia ya kukionyesha. Kama somo linapima uchambuzi wa sera, mwanafunzi anaweza kuwasilisha kwa andiko au kwa sauti iliyorekodiwa, vigezo vikiwa vilevile. Kama linapima uwezo wa kutumia lahajedwali, lahajedwali haliepukiki. Kinachobadilika ni muda, mafunzo na kifaa. Andika vigezo kwanza, ndipo uamue kipi kinaweza kulegezwa.

Mimi mhadhiri mwenyewe sijiwezi kwenye mifumo hii. Nifanyeje?

Tumia vyombo vitatu na uvijue vizuri: ukurasa wa kozi, njia moja ya kukutana, njia moja ya kupokea kazi. Mhadhiri anayebadili programu kila wiki kwa shauku huwachosha wanafunzi kuliko asiyejua nyingi.

Kuna wanafunzi wanaotaka karatasi tu. Tuwalazimishe?

Kwa kusoma, hapana. Wapeni PDF inayochapika vizuri kwa nyeusi na nyeupe, pambizo za kutosha kuandika, na wino usiliwe na slaidi zenye mandharinyuma meusi. Kwa kuwasilisha na kutafuta vyanzo watahitaji mtandao, na hapo kazi ya majaribio ya wiki ya pili itawaonyesha ni kitendo gani hasa wanachokikwepa. Mara nyingi ni kimoja.